Heshima Iliyolindwa kwa Bastola

Asubuhi ya tarehe 11 Julai, mwaka wa 1804, mashua mbili ziliondoka mjini New York, kila moja kwa wakati wake, zikauvuka mto Hudson kuelekea ng'ambo ya pili, katika jimbo la New Jersey. Katika mashua ya kwanza alikuwamo Bwana Aaron Burr, Makamu wa Rais wa Marekani. Katika ile ya pili alikuwamo Bwana Alexander Hamilton, aliyekuwa Waziri wa kwanza wa Fedha wa nchi hiyo. Mabwana hawa walikuwa mawakili wenye sifa, tena wote wawili walikuwa askari katika vita vya kuutafuta uhuru wa Marekani, na walipata hata kusimama upande mmoja mahakamani kumtetea mshitakiwa mmoja. Asubuhi hiyo walikuwa wakienda kupigana risasi.

Bastola zilifichwa ndani ya mkoba ili wapiga makasia wasizione. Walipofika mahali palipoitwa Weehawken, daktari na wapiga makasia waligeuza migongo yao, ili siku watakapoulizwa na hakimu waweze kuapa kwamba hawakuona kitu. Maana kila mtu aliyekuwapo alijua ya kuwa jambo lile lilikatazwa na sheria. Hata hivyo lilitendwa, na waliolitenda walikuwa wajuzi wa sheria wenyewe.

Huenda msomaji akauliza, Je, watu wenye elimu na vyeo, wenye wake na watoto, waliingiwa na nini hata wakasimama kama shabaha mbele ya mtutu wa bastola? Jibu lake ni neno moja, nalo ni heshima. Lakini neno hilo lilikuwa na maana ya namna yake katika siku hizo, na inafaa kulitazama kwa karibu.

ASILI YA DESTURI HII

Katika Ulaya ya zamani, kesi ilipokosa mashahidi, mahakama iliweza kuamuru mdai na mdaiwa wapigane. Watu waliamini kwamba Mungu hatakubali mwenye haki ashindwe. Baadaye mahakama ziliacha njia hiyo, lakini watu wakubwa hawakuiacha. Tangu karne ya 16, kwanza katika Italia na Ufaransa, waungwana walianza kuitana uwanjani na kupigana kwa panga, si kwa ajili ya shamba wala mali, ila kwa ajili ya neno lililosemwa.

Wakubwa wa dini na wa serikali walijaribu kuikomesha desturi hiyo. Mwaka wa 1563 Mkutano Mkuu wa Kanisa Katoliki uliofanywa katika mji wa Trent ulitoa hukumu kwamba wanaopigana namna hii watengwe na Kanisa. Katika Ufaransa, siku za Mfalme Louis wa Kumi na Tatu, bwana mmoja mkubwa aitwaye Comte de Bouteville alikatwa kichwa mwaka wa 1627, kwa kuwa alipigana hadharani mjini Paris baada ya mfalme kukataza. Watu walitetemeka kwa muda, kisha wakaendelea kama kwanza.

Katika karne ya 18, hasa katika Uingereza na Ireland, upanga uliachwa na bastola ikashika mahali pake. Bastola ya siku hizo haikuwa kama ya leo. Ilikuwa ya gumegume. Ilitiwa baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha risasi ya mviringo, vikashindiliwa kwa mdeki. Mtu alipofyatua, jiwe la gumegume liligonga chuma, cheche zikaangukia baruti, ndipo bastola ilipolia. Mitutu mingi ilikuwa laini ndani, haina mifuo ya kuizungusha risasi iende moja kwa moja, na mara kwa mara baruti ilikataa kuwaka. Walakini kwa umbali wa hatua kumi, au kumi na mbili, ilitosha sana kumwua mtu. Risasi za bastola walizotumia Bwana Hamilton na Bwana Burr zilikuwa na upana wa zaidi ya nusu inchi.

SHERIA ZA WAUNGWANA

Mwaka wa 1777 waungwana wa majimbo kadha ya Ireland walikutana katika mji wa Clonmel wakaandika kanuni za mapambano haya. Ziliagiza kwamba aliyeanza kukosea ndiye aombe radhi kwanza, hata kama jibu alilopewa lilikuwa kali kuliko kosa lake. Mwito wa kupigana usipelekwe usiku, kwa kuwa huenda mtu akawa na hasira za usiku ambazo zingepoa asubuhi. Kila mmoja awe na msimamizi wake, na kazi ya kwanza ya wasimamizi iwe ni kujaribu kuwapatanisha. Tena mtu asipige risasi yake hewani kwa makusudi, maana kufanya hivyo ni mchezo wa kitoto. Aliyempiga mwenzake kofi au fimbo hakuweza kusamehewa kwa maneno matupu. Ikiwa hataki kupigana, sharti amkabidhi yule aliyempiga fimbo, ampe mgongo wake, na kumwomba radhi.

Ukizisoma kanuni hizi utaona kwamba zilitungwa kwa busara fulani, ili kupunguza mauaji. Lakini ziliyafanya mauaji yaonekane kuwa jambo la adabu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tena hazikuwa za watu wote. Muungwana alipigana na muungwana mwenzake tu. Mtumishi au mkulima akimkosea bwana, alichapwa bakora. Hakuitwa uwanjani, kwa kuwa alihesabiwa kuwa hana heshima ya kulindwa.

Mtu aliyekataa mwito aliweza kutangazwa kuwa mwoga, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani au kwa tangazo gazetini. Wenzake wangeacha kumwamkia. Ikiwa ni ofisa wa jeshi, maofisa wenziwe wangekataa kula naye meza moja, na mwisho angelazimika kuacha kazi. Hivyo wengi walikwenda uwanjani, wala si kwa sababu walikuwa na hasira. Walikwenda kwa sababu waliogopa kuchekwa. Hata mawaziri wakuu wa Uingereza hawakuokoka. Bwana William Pitt alipigana kwa bastola mwaka wa 1798, na Duke wa Wellington alipigana mwaka wa 1829, naye alikuwa mtu wa miaka 59 na Waziri Mkuu wa nchi. Kwa bahati hakuna aliyeumia katika mapambano hayo mawili.

BABA NA MWANA

Bwana Hamilton aliijua desturi hii kwa uchungu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1801, mwanawe wa kwanza, Philip, kijana wa miaka 19, aligombana katika nyumba ya michezo na wakili mmoja aitwaye George Eacker, aliyekuwa amemsema vibaya baba yake katika hotuba. Walipigana kwa bastola katika ufuko wa New Jersey, si mbali na Weehawken. Philip alipigwa risasi, akafa siku iliyofuata. Dada yake Angelica, msichana wa miaka 17, alichafukiwa na akili kwa huzuni, wala hakupata kupona tena. Miezi michache baadaye mama yao alijifungua mtoto mwanamume, wakampa jina la Philip, jina la marehemu.

Mtu angedhani kwamba baada ya msiba huo baba asingeikaribia bastola tena. Lakini mwaka wa 1804 Bwana Burr alishindwa katika uchaguzi wa gavana wa jimbo la New York, na baadaye akaona gazetini barua ya daktari mmoja iliyosema kwamba Hamilton alikuwa ametoa maneno ya kumdharau sana. Maneno yenyewe hayakutajwa. Burr alimwandikia Hamilton akidai ayakubali au ayakane. Hamilton alijibu kwamba hawezi kukana neno asiloambiwa ni neno gani. Barua zilikwenda na kurudi, kila moja ikiwa kali kuliko iliyotangulia, mpaka mlango wa suluhu ukafungwa.

Kabla ya siku ile, Hamilton aliandika sababu zake. Alisema kwamba dini yake inamkataza kumwaga damu ya mtu kwa namna hii. Kwamba ana mke na watoto wanaomtegemea. Kwamba ana madeni ambayo waliomkopesha watayapoteza akifa. Tena kwamba hana chuki na Burr. Kila sababu ilimwambia asiende. Lakini akaandika pia kwamba akikataa, watu hawatamsikiliza tena katika mambo ya nchi. Basi akaamua kwenda, akakusudia kuipoteza risasi yake ya kwanza.

Wasimamizi walipima hatua kumi. Bastola zililia mbili, moja baada ya nyingine, na mpaka leo haijulikani kwa hakika ni ipi iliyotangulia, kwa kuwa wasimamizi wenyewe walishuhudia tofauti. Risasi ya Hamilton ilipasua tawi la mti juu sana. Risasi ya Burr ilimwingia Hamilton juu ya nyonga ya kuume, ikapasua ini, ikakaa katika uti wa mgongo. Alimwambia daktari kwamba jeraha hilo ni la kifo, akazimia.

Alivushwa kurudi New York, akaishi hata siku ya pili katika maumivu makali. Aliomba kupewa Sakramenti, na Askofu Benjamin Moore alisita kwanza, kwa kuwa mtu huyu ameumia katika tendo ambalo Kanisa linalilaani. Alimpa baada ya Hamilton kutubu na kusema kwamba amemsamehe Burr. Kisha mkewe Elizabeth akawaleta watoto wao saba, akawasimamisha pamoja mbele ya kitanda. Mdogo wao, yule Philip wa pili, alikuwa na miaka miwili. Baba alifumbua macho akawatazama mara moja, akayafumba mpaka walipoondolewa. Alifariki saa nane mchana, tarehe 12 Julai.

Burr alishitakiwa kwa mauaji katika majimbo mawili, lakini kesi haikusikilizwa kamwe. Alirudi katika kiti chake cha Makamu wa Rais mpaka muda wake ulipokwisha mwaka wa 1805. Lakini heshima aliyokwenda kuilinda Weehawken hakuipata tena. Aliishi miaka 32 baada ya siku ile, na watu wengi walimjua kwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyemwua Hamilton.

RISASI HAIJUI MWENYE HAKI

Waliobahatika kushinda hawakurudi wazima sikuzote. Mwaka wa 1806, katika jimbo la Kentucky, Bwana Andrew Jackson alipigana na kijana aitwaye Charles Dickinson, aliyesifiwa kwa shabaha. Dickinson alipiga kwanza, risasi ikamwingia Jackson kifuani. Jackson alisimama imara, akalenga, akamwua. Baadaye alipata kuwa Rais wa Marekani, lakini risasi ile ilikaa karibu sana na moyo hata madaktari wasithubutu kuitoa. Aliibeba ndani ya mwili wake miaka 39, mpaka alipokufa mwaka wa 1845.

Wengine walichukua mzigo usioonekana kwa macho. Bwana Daniel O'Connell, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa haki za Wakatoliki wa Ireland, aliisema kwa dharau Halmashauri ya mji wa Dublin. Mjumbe mmoja wa Halmashauri, Bwana D'Esterre, alimwita uwanjani. Walipigana mwezi wa Februari mwaka wa 1815, na D'Esterre akafa kwa jeraha lake. Watu wa upande wa O'Connell walishangilia, lakini yeye hakushangilia. Alijitolea kugawana mapato yake na mjane wa marehemu. Mjane alikataa, ila alikubali msaada kwa ajili ya binti yake, na O'Connell aliutoa msaada huo kila mwaka kwa zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki mwaka wa 1847. Hakupigana tena, ingawa adui zake waliendelea kumtukana na kumwita mwoga.

Ikumbukwe pia kwamba siku hizo madaktari hawakujua habari za vijidudu vinavyoozesha jeraha, wala hawakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa kumpasua. Risasi iliingia mwilini pamoja na vipande vya nguo vichafu. Aliyepigwa tumboni hakuwa na tumaini kubwa. Alikaa saa nyingi au siku kadha akingoja kufa, huku jamaa zake wakimsikia.

MSHAIRI WA URUSI

Namna hiyo ndivyo alivyokufa Alexander Pushkin, mshairi aliye mkuu kuliko wote katika lugha ya Kirusi. Habari zake zina sababu ya pekee ya kusomwa na Mwafrika. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika angali mtoto, akapelekwa kwa Mfalme Peter Mkuu wa Urusi. Mfalme alimlea na kumsomesha, naye akapanda cheo hata akawa jenerali na mjuzi wa kujenga ngome. Pushkin alijivunia damu hiyo, akaanza hata kuandika kitabu cha kumhusu babu huyo.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1836 Pushkin na rafiki zake waliletewa barua zisizo na jina la mwandishi, zikimfanyia mzaha kwamba mkewe si mwaminifu. Shuku ilimwangukia Georges d'Anthès, ofisa Mfaransa katika jeshi la Urusi, ambaye mwezi wa Januari uliofuata alimwoa dada wa mke wa Pushkin. Hata ndoa hiyo haikuzima minong'ono. Pushkin alimwandikia baba mlezi wa d'Anthès barua ya matusi makali, na mwito ukaja.

Tarehe 8 Februari, mwaka wa 1837, walisimama katika theluji nje ya mji wa St Petersburg. D'Anthès alipiga kwanza. Pushkin alianguka na risasi tumboni, akajiinua kwa mkono mmoja, akapiga, akamjeruhi mwenzake mkononi tu. Alikufa baada ya siku mbili. Alikuwa na miaka 37, naye aliacha mjane, watoto wanne wadogo, na madeni makubwa ambayo Mfalme Nicholas wa Kwanza aliyalipa. D'Anthès alivuliwa cheo akafukuzwa Urusi. Alirudi kwao, akawa mjumbe wa Baraza la Seneti la Ufaransa, akaishi hata mwaka wa 1895. Ikiwa pambano lile lilikuwa mahakama, basi ni mahakama ya ajabu. Na kama mke yule alikuwa na kosa au hakuwa nalo, risasi haikumwambia mtu.

JINSI DESTURI ILIVYOKUFA

Sheria za Uingereza zilisema tangu zamani kwamba kumwua mtu katika pambano ni mauaji kama mauaji mengine. Shida ilikuwa kwamba wazee wa baraza mahakamani walikataa kuwatia hatiani waungwana waliofuata kanuni. Basi sheria ilisema hivi, na desturi ikasema vile, na watu wakaifuata desturi.

Jambo lililowaamsha Waingereza lilitokea tarehe 1 Julai, mwaka wa 1843. Kanali David Fawcett alikuwa amerudi kutoka vitani China, akagombana na Luteni Alexander Munro kwa ajili ya mambo ya mali. Wake zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mabwana hao wawili walikwenda katika uwanja mmoja wa London, wakapigana kwa bastola, na Munro akamwua Fawcett. Mjane wa Fawcett alinyimwa malipo ambayo wajane wa maofisa hupewa, kwa sababu ya namna mumewe alivyokufa. Ndugu mmoja akawa mjane wa marehemu, na wa pili akawa mke wa mwuaji aliyekimbia nchi.

Watu waliona aibu. Mwaka uliofuata, 1844, sheria za jeshi zilibadilishwa. Iliamriwa kwamba ofisa atakayepigana, au kupeleka mwito, au kusimamia pambano, aweza kufukuzwa jeshini. Lakini palikuwa na jambo kubwa zaidi ya adhabu hiyo. Sheria ilitangaza kwamba kuomba radhi na kutengeneza kosa ulilolitenda ni tendo linalofaa tabia ya watu wenye heshima, na vilevile kuipokea radhi hiyo kwa moyo mweupe. Yaani yule aliyekuwa akiitwa mwoga sasa aliitwa muungwana.

Hapo ndipo mti ulipokatwa shinani. Adhabu zilikuwapo kwa karne tatu nazo hazikufaa, kwa kuwa mtu aliyekuwa tayari kufa asingeogopa kifungo. Alichokiogopa ni kicheko, na kicheko kilipohamia upande wa wenye bastola, bastola zilirudishwa sandukuni. Pambano la mwisho linalojulikana kuua mtu katika Uingereza lilikuwa la mwaka wa 1852, na waliopigana walikuwa Wafaransa wawili. Katika Ufaransa na Ujerumani desturi iliendelea mpaka Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, ambapo mauaji yalizidi kadiri, wala hapana aliyeona fahari ya kutafuta kifo kingine kwa hiari yake.

Methali ya Kiswahili yasema, Kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Waungwana wale walikikimbia kicheko, na kilio wakawaachia wake zao. Elizabeth Hamilton aliishi miaka 50 baada ya mumewe. Aliwalea watoto wale saba kwa shida, katikati ya madeni, na mwaka wa 1806 alishirikiana na wanawake wengine wa New York kuanzisha nyumba ya kutunza yatima, akaisimamia kwa miaka mingi. Alifariki mwaka wa 1854, akiwa na miaka 97. Bastola mbili za Weehawken zilinunuliwa mwaka wa 1930 na benki ya New York ambayo Burr mwenyewe alikuwa ameianzisha, zikahifadhiwa ziwe ukumbusho. Ni nzuri kwa macho, na zimenakshiwa kwa ustadi. Lakini kati ya hizo na nyumba ile ya yatima, si vigumu kujua ni ipi iliyoleta heshima katika jina la Hamilton.